Jani Likianguka Mikokoni, Nani Hulipokea?

Muhula huu wanafunzi wetu wa darasa la wakubwa wanasomeshwa ikolojia katika skuli zao za siku za wiki, wengine kwa Kiingereza, wengine kwa Kiarabu. Wakija kwetu mwisho wa wiki wana habari nyingi, lakini maneno ya kuzisemea kwa Kiswahili hawana. Ukurasa huu ni wao, na pia ni wa wazazi wanaoulizwa maswali ndani ya gari wakatafuta njia ya kubadilisha mazungumzo.

Vitabu vyao vingi huanza na picha ile ile: nyasi, swala anayekula nyasi, simba anayekula swala, na mishale baina yao. Picha hiyo si ya uongo. Ila humfanya mtoto adhani kwamba mambo yote ya maumbile ni nani anamla nani, na kwamba mwisho wa safari ni simba. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hufanyika chini, gizani, kwa vitu vilivyokwisha kufa. Kwa hiyo tuiache mbuga, twende mikokoni: ile ya Unguja na Pemba, ya Lamu, ya delta ya Rufiji, na hii ya jirani yetu hapa Maskati, pale Qurm. Jina lenyewe Qurm ni jina la mti huo kwa Kiarabu cha huku. Yaani mtaa mzima umeitwa Mikokoni, nasi tunaupita kila siku tukiangalia taa za barabarani.

Neno ikolojia lilitungwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Ni elimu ya nyumba: nani anaishi humo, anakula nini, anapata wapi maji, na taka zake zinakwenda wapi. Mwaka 1935 Mwingereza Arthur Tansley akaongeza neno jingine, ambalo kwa Kiswahili tunaliita mfumo ikolojia. Hoja yake ilikuwa kwamba viumbe huwezi kuwasoma ukaacha mahali wanapoishi. Udongo, maji, chumvi, hewa na joto ni sehemu ya habari yenyewe, si pazia la nyuma ya jukwaa. Basi msitu wa mikoko si miti peke yake. Ni miti, kaa, konokono, samaki, ndege, bakteria, matope, maji yanayojaa na kupwa, na jua, pamoja na kila kinachopita baina yao. Hicho kinachopita baina yao ndicho hasa ikolojia inachokifuatilia.

Kwa wazee wetu mkoko ulikuwa nyumba kwa maana nyingine pia. Miti ilikatwa ikapangwa kwa unene wake, fito, pau, boriti, nguzo, ikahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini Lamu na Rufiji na kuletwa Ghuba kwa upepo wa kusi. Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe, iwe Mji Mkongwe au huku, utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 3 au chini ya hapo. Aliyepima chumba hicho ni mti. Boriti ikiishia hapo, na ukuta unaishia hapo.

Mahali pagumu pa kuishi

Mkoko huishi baina ya bahari na nchi kavu, na kila siku mahali hapo hubadilika mara mbili. Katika pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Miti iliyo upande wa bahari hufunikwa na maji kila yanapojaa. Iliyo juu, karibu na mashamba, huenda ikaguswa na bamvua tu, siku chache za mwezi, na siku zinazobaki jua hukausha udongo wake mpaka chumvi ikaonekana juu kama unga.

Ndiyo sababu miti haikuchanganyika ovyo. Ukitoka baharini ukielekea nchi kavu, kwa kawaida utaanza na mlilana, kisha mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, halafu mui, halafu mkandaa, na nyuma kabisa mchu. Mchu una tabia ya kuonekana pande zote mbili, mbele na nyuma, kwani ni mvumilivu kuliko wenzake. Ndio peke yake unaoota Oman leo, mahali ambapo maji yana chumvi kali na majira ya baridi hayawafai wengine. Kila mti, basi, una nafasi yake: kiasi cha maji unachokitaka, kiasi cha chumvi unachokistahamili, aina ya udongo unaoushika. Tafadhali liwekeni jambo hili akilini, maana mbele tutaona watu waliolisahau na gharama waliyoilipa.

Taabu kubwa za mahali hapa ni mbili, chumvi na hewa. Kwa chumvi, mkoko huchuja maji mizizini kabla hayajaingia. Mchu huyaacha yaingie kisha huitoa chumvi kwa majani. Mtoto anayebisha na alilambe jani la mchu, atapata jibu ulimini. Kwa hewa, jambo ni zito zaidi. Matope yaliyojaa maji hayapitishi oksijeni, na mizizi ya mti wowote lazima ivute pumzi. Kwa hiyo mkoko huinua mizizi yake juu ya matope, na mchu huchomoza vidole vingi kutoka chini, vikisimama kama penseli zilizochomekwa. Mizizi hiyo ina vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Vitundu vikizibwa, mti hufa.

Wazee husema mkoko umealika maua pale mambo yanapopamba moto. Kwa mtu wa sayansi, moto wenyewe huja baada ya maua. Mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu. Huota ingali juu ya mama yake, ikawa mche wa kijani unaoweza kupita urefu wa rula ya skuli, kisha hudondoka. Maji yakiwa yamekupwa, huenda ukajichomeka papo hapo. Yakiwa yamejaa, huelea na kwenda kutafuta riziki kwengine.

Kaa na kazi yake

Sasa turudi kwenye mishale ya kitabu. Nishati yote ya msitu huu huanzia juani. Jani hupokea mwanga, likachukua hewa ya ukaa na maji, likatengeneza sukari. Kazi hiyo huitwa usanisinuru, na mimea kwa sababu hiyo huitwa wazalishaji. Wanaoila mimea huitwa walaji wa daraja la kwanza, wanaowala hao ni wa daraja la pili, na kuendelea. Mpaka hapa mbuga na mikoko ni sawa.

Tofauti ni kwamba mikokoni jani bichi haliliwi sana. Ni gumu, lina chumvi, na lina tanini, ile dawa ya kukaza ngozi ambayo kwayo maganda ya mikoko yaliuzwa sana nchi za nje zamani. Wapo wadudu wanaolitafuna, na katika pwani za huku ngamia hula majani ya mchu bila ya kujali. Lakini majani mengi hufika uzee wake, yakageuka manjano, yakaanguka. Hapo ndipo msitu unapoanza kula.

Anayelipokea jani, katika misitu mingi ya mikoko ya Bahari ya Hindi, ni kaa. Simsemi kaa koko, yule mkubwa tunayemjua jikoni. Yeye ni mwindaji, anakula konokono, chaza na hata kaa wenzake. Nawasema wale wadogo wenye mashimo chini ya miti. Maji yakikupwa hutoka, jani likianguka hulidaka na kulivuta shimoni. Kuna na konokono wakubwa weusi, wenye kigamba kilichochongoka, ambao huisikia harufu ya jani na kulizunguka wengi kwa pamoja wakilikwangua. Katika ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, watafiti wamewachunguza wote wawili, wakaona kwamba sehemu nyingine za msitu huo wanaotawala majani ni kaa, na nyingine konokono.

Mtu atauliza, kuna ajabu gani kaa kula jani? Fikirini yale maji yanayopwa. Jani lisilodakwa huchukuliwa na mkondo, likaenda zake. Kaa anapolivuta shimoni, analizuia msituni pamoja na naitrojeni na fosforasi zilizomo. Isitoshe, yeye mwenyewe hasagi vizuri. Sehemu kubwa ya alichokila hutoka ikiwa chembe ndogo ndogo, na juu ya chembe hizo hutua bakteria na kuvu. Jani kavu lina chakula kidogo sana cha kujenga mwili. Bakteria wakishakaa juu yake, wakavuta naitrojeni kutoka majini na kuzaana, chembe ile ile inakuwa na rutuba zaidi. Ni kama unga uliotiwa hamira: unga ni ule ule, lakini kuna walio hai ndani yake wanaoubadilisha. Hapo kamba wadogo na mkizi huja kula, wakanufaika na bakteria kuliko na jani lenyewe.

Hawa bakteria na kuvu ndio waozeshaji. Kitabu cha skuli aghalabu huwachora pembeni, chini ya ukurasa, kama wafagiaji wanaokuja baada ya karamu. Mikokoni wao ndio wapishi.

Mashimo yenyewe nayo yana kazi. Maji hupita ndani yake, oksijeni ikashuka mahali ambapo isingefika. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mikoko ya Queensland, Australia. Watafiti waliwatega kaa na kuwaondoa katika vipande fulani vya msitu kwa muda wa mwaka mmoja. Miti hawakuigusa. Udongo wa vipande hivyo ukajaa salfaidi na amoniamu kuliko vipande vyenye kaa, na miti ikapunguza kukua na kuzaa. Mtu aliyepita pale asingeona chochote: miti imesimama, majani ya kijani, maji yanakuja na kuondoka. Kilichotoweka ni kaa tu. Kiumbe wa namna hii, ambaye akiondoka wengi hutetereka, huitwa spishi mhimili. Si lazima awe mkubwa wala mwenye meno.

Na ile harufu ya mayai viza ambayo hutufanya tupandishe vioo vya gari tukipita Qurm? Ni salfaidi hiyo hiyo. Ndani ya matope hakuna oksijeni, kwa hiyo bakteria wa huko hutumia salfeti ya maji ya bahari badala yake, na gesi yenye kunuka hutoka. Mikokoni ikinuka kidogo, ni watu wako kazini.

Kuni na sufuria

Kuna jambo moja linalowachanganya wanafunzi kila mwaka, nalo ni tofauti baina ya nishati na virutubisho. Vyote viwili vimo katika chakula, vyote hupita kutoka kiumbe mmoja kwenda mwengine, kwa hiyo watoto huviandika kwa mshale mmoja.

Fikirini shughuli ya harusi mtaani. Kuna sufuria kubwa na kuna kuni. Sufuria ni ya mtaa: leo iko kwa bibi harusi, wiki ijayo iko kwenye hitima, mwezi ujao kwenye maulidi. Inazunguka, inarudi, haiishi. Kuni hazizunguki. Zikishawaka, joto limekwenda, na shughuli ya kesho inataka kuni nyingine. Virutubisho ni sufuria. Naitrojeni iliyokuwa katika jani leo huwa katika bakteria kesho, kisha katika kamba, kisha katika changu, kisha katika kinyesi cha korongo, kisha katika matope, kisha katika mzizi, mpaka ikawa jani tena. Nishati ni kuni. Kila kiumbe huitumia kutembea, kupumua, kujitengeneza, na inayotumika hutoka kama joto lisilorudi. Jua lisipochomoza asubuhi, shughuli imekwisha.

Kwa sababu kuni zinaungua njiani, kila daraja hupata kidogo kuliko lililotangulia. Wanaikolojia hutumia hesabu ya kukisia kwamba kama asilimia 10 ya nishati ya daraja moja ndiyo inayofika daraja linalofuata. Hesabu hiyo hupanda na kushuka, lakini inatosha kufundishia. Kwa kilo 1,000 za majani, tutarajie kama kilo 100 za walaji wa majani, kilo 10 za samaki wanaowala hao, na kilo 1 ya anayewala samaki. Ndiyo maana kaa mikokoni hawahesabiki na furukombe wanahesabika. Ndiyo maana pia mvuvi anayevua chewa wakubwa tu huwamaliza upesi kuliko anayevua dagaa: kila chewa mmoja nyuma yake kuna rundo la majani ambalo hakuna anayeliona.

Nimetumia neno daraja, lakini mambo hayakupangwa kwa ngazi iliyonyooka. Kamba hula chembe, hula na bakteria, hula na viumbe wadogo waliokula bakteria. Kaa akikosa majani hula matope. Samaki wengi wa miamba huanza maisha wakiwa wachanga baina ya mizizi ya mikoko, mahali ambapo wakubwa wenye meno hawapenyi kirahisi, kisha huhamia kwengine. Badala ya mnyororo wa chakula ni afadhali kusema mtandao wa chakula, na mwanafunzi akiuchora ukatokea kama jarife lililovurugika, basi amechora vizuri.

Ukuta wa nyumba uko wapi?

Nyumba ya mawe ina kuta. Mfumo ikolojia hauna, na kusema unaanzia wapi na kuishia wapi ni kazi ya kupima, si ya kukisia. Kwa muda mrefu watu walisema kwamba mikoko inalisha bahari nzima. Ni maneno mazuri kwa bango. Huko Gazi, katika miaka ya 1990, watafiti walilipima jambo hili. Kaboni ina aina nyepesi na aina nzito kidogo, na mikoko na nyasi za bahari huzichanganya kwa vipimo tofauti, kwa hiyo chembe iliyopatikana chini ya bahari inaweza kuulizwa asili yake. Walikuta kwamba mabaki ya mikoko hutoka kweli na kuingia kwenye nyasi za bahari zilizo karibu, lakini hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali, na yanayofika kwenye matumbawe ni kidogo. Nyasi za bahari huyanasa njiani. Kwa hiyo mikoko, nyasi na matumbawe ni majirani watatu, na wa katikati ana kazi ya mlango.

Upande wa nchi kavu pia hakuna ukuta. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa udongo wa mashamba ya juu na kuumwaga katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa. Mikoko ikafunikwa mizizi kwa mchanga na matope mapya. Hakuna aliyeleta shoka. Vile vitundu vya hewa vilizibwa, na eneo kubwa la msitu likafa likiwa limesimama. Mkulima aliyelima mtelemko bila ya matuta, pengine hajawahi kuiona bahari, alikuwa sehemu ya mfumo huo.

Matope hayo hayo yasiyo na oksijeni yana faida moja ambayo sasa imewafanya watu wa mbali kuzungumzia mikoko. Mizizi na majani yaliyozikwa humo huoza polepole mno, na kaboni yake hukaa chini kwa mamia ya miaka na zaidi. Msitu ukikatwa na matope yakachimbuliwa, hewa huingia, uozaji huharakishwa, na kaboni hiyo hurudi angani. Ndiyo sababu hekta moja ya mikoko hutajwa sana katika mazungumzo ya hali ya hewa, ijapokuwa miti yenyewe si mikubwa: hazina iko chini ya miguu.

Kupanda si kurudisha

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague mikoko. Kila mwaka wanafunzi wetu wengine huitwa kwenda kupanda miche ya mikoko, hapa au wakiwa likizo nyumbani. Ni kazi njema, na sitaki mtu aiache. Nataka aijue.

Katika miaka ya 1970, sehemu za mikoko ya Gazi zilikatwa zote kwa kuni za viwandani. Mtu angetarajia kwamba mbegu zitaelea, zitaota, na msitu utarudi. Kuna vipande vilivyokaa miaka ishirini bila ya kurudi. Miti mizazi haikuwapo. Udongo uliachwa wazi kwa jua, ukakauka na kukolea chumvi, mwengine ukachukuliwa na maji. Bila ya kivuli kaa wa majani hawakai, na bila ya kaa udongo haupumui. Kila kilichokosekana kilikizuia chengine kisirudi. Mfumo ukishavunjika namna hiyo unaweza kutulia katika hali mpya mbaya, na ukabaki hapo.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, pamoja na wanakijiji, ilianza kupanda upya Gazi katika miaka ya 1990, kila aina ya mti mahali pake. Baada ya miaka kadhaa watafiti hawakuhesabu miti tu, walihesabu na kaa, na wakawakuta wamerudi katika vipande vilivyopandwa. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza hati za kaboni. Pesa zake zimeingia katika maji ya kunywa na vitabu vya skuli. Naona hilo ni la haki kuliko sheria ya kukataza peke yake. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na huenda ilihitajika, lakini mkataji wa Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hakuacha kuwa na watoto wa kulisha siku hiyo.

Sasa tazameni upande wa pili. Baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa wingi. Watafiti walipokwenda kukagua sehemu 23, sehemu 9 hazikuwa na mche hata mmoja uliosalia, na katika nyingi nyingine walikuta michache. Sababu kubwa ilikuwa ile niliyowaomba muiweke akilini: mti usio na nafasi yake. Miche ilichomekwa katika tope tupu lililo chini mno, ikazama. Au katika udongo mkavu usioguswa na maji. Au aina moja tu ilipandwa kila mahali, kwa sababu mche wa mkoko ni mrefu, rahisi kuokota, na unapendeza kwenye picha. Tope tupu la mbele ya bahari huchaguliwa sana kwa kuwa halina mwenyewe. Lakini kama mikoko ingeweza kuota pale, ingekuwa imeshaota. Bahari imekuwa ikileta mbegu pale miaka yote.

Mwahala mwengi tatizo si upungufu wa miche. Ni barabara iliyoziba hori, au tuta la bwawa la chumvi lililoachwa. Ukifungua njia ya maji ikapita kama zamani, mbegu huja zenyewe, na kaa hufuata. Kazi hiyo haina sherehe wala haijazi basi la wanafunzi, kwa hiyo haifanywi sana. Mtoto wako akialikwa kupanda, muulizeni anayealika maswali machache ya adabu. Hapa palikuwa na mikoko zamani? Ilikufa kwa nini, na sababu hiyo imeondoka? Bamvua hufika wapi? Nani atakuja kuangalia mwakani?

Kwa darasa la wakubwa: safari yetu ya Qurm itakuwa siku ya maji kupwa, na tutasimama ukingoni tu, hatuingii ndani ya hifadhi. Kila mwanafunzi aje na daftari na penseli. Kazi ni kuchagua kipande cha ardhi cha hatua moja kwa moja, kuhesabu vidole vya mchu na mashimo ya kaa yaliyomo, kuandika majani makavu mangapi yako juu ya matope, na kunusa. Watakaopata jani moja linalovutwa shimoni waandike limechukua dakika ngapi. Wazazi watakaotusindikiza wavae viatu wasivyovionea uchungu, na wanaojua majina ya kwao ya samaki na miti ya mikokoni waje nayo, ya Pemba, ya Makunduchi, ya Lamu, hata kama hayafanani. Tutayaandika yote ubaoni Jumamosi inayofuata.